Risala ya Wakulima wa Pamba wa Meatu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Msimu wa Ununuzi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Njiani umeona pamba imeanikwa kwenye maturubai. Sisi tulioichuma tunaomba leo kuyasema mbele yako yale tunayonong'onezana kwenye foleni ya mizani.

Mheshimiwa, huku Kanda ya Ziwa tunapanda kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba. Bei tunaijua Mei, pamba ikiwa tayari ndani ya nyumba. Kwa miezi hiyo yote mkulima anatoa jasho na akiba yake bila kujua atauza kwa shilingi ngapi, wakati mwenye duka la dawa anamtajia bei yake siku ya kwanza. Mwaka 2019 bei dira ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Marekani na China zikavutana kibiashara, bei ya dunia ikaporomoka, wanunuzi wakasita, pamba ikalala maghalani. Wapo kati yetu waliouza ng'ombe ili watoto waende shule, na huku pesa zao zimo kwenye magunia ambayo hayajalipwa. Ugomvi ule hatukuuanzisha sisi.

Mwaka 2023 bei ikafunguliwa kwa shilingi 1,060. Ekari moja kwa wengi wetu hutoa kilo 200 hadi 300. Ukipata kilo 250, ni shilingi 265,000. Humo toa kulima, mbegu, dawa, palizi na vibarua wa kuchuma, kisha utazame kinachobaki kwa familia ya watu wanane.

Mkulima wa Marekani anauza kwenye soko hilohilo, lakini serikali yake humkinga kwa ruzuku, jambo ambalo Brazil ililishtaki kwenye Shirika la Biashara Duniani mwaka 2002 na ikashinda. Sisi tunaomba mfuko wa kufidia bei, uchangiwe miaka bei inapokuwa nzuri, na bei ya chini kabisa itangazwe kabla hatujatia mbegu ardhini.

La pili ni mizani. Mizani ya kidijitali ilipoletwa tulishangilia. Msimu uliopita mama mmoja alipima gunia lake dukani, kilo 61. Kituoni likasomeka kilo 56. Alipouliza, akajibiwa kwamba pamba imekauka njiani, na njia yenyewe ni mwendo wa nusu saa. Pesa zilipoingia kwenye simu zilikuwa zimekatwa tena, bila neno la kueleza. Tunataka mizani ikaguliwe mbele yetu kila msimu, kioo chake kimwelekee mkulima, na ujumbe wa simu utaje kilo, bei na kila makato kwa jina lake. Wapo wenzetu wanaotia maji na mchanga kwenye pamba, hilo tunalikiri. Mkiwakamata hatutawatetea.

Dawa nazo zinatuumiza. Tunapiga bomba mgongoni tangu alfajiri, na siku ya tatu unafungua kitumba unamkuta funza mzima anakula. Tunaomba dawa isiuzwe kijijini kabla haijathibitishwa shambani na watafiti wetu wa Ukiriguru. Mbegu zisizo na manyoya tumezikubali, ila zifike kabla ya mvua.

Tena, sehemu kubwa ya pamba nyuzi yetu bado inasafirishwa nje ikiwa marobota, nasi tunanunua vitenge vilivyofumwa ng'ambo. Kiwanda cha nguo kinachofanya kazi karibu nasi kingetupa mnunuzi asiyetegemea meli.

Mheshimiwa, tunaomba majibu ya maandishi, yasomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla ya tarehe 15 Novemba. Siku hiyo kila kaya itaamua kama itapanda pamba au alizeti.