Mpishi wa Mwingi na Picha Zilizovuka Bahari

Mtu wa Mombasa akitajiwa sanaa ya Wakamba, mawazo yake huenda moja kwa moja Changamwe, kwenye mabanda ya wachongaji ambao tangu mwaka 1963 wamekuwa wakifanya kazi chini ya chama chao cha ushirika. Tumekua tukiwaona. Twiga wao, vifaru wao na miiko yao ya saladi imekwenda na wageni mpaka miji ambayo sisi wenyewe hatutaifika. Hata asili ya kazi hiyo twaisimulia kama kwamba ni hadithi ya kwetu: jinsi Mutisya Munge wa Wamunyu alivyokwenda Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akawaona Wazaramo wakichonga, akarejea kwao na ufundi huo, na jinsi Wamunyu nzima ilivyogeuka kuwa karakana.

Kuna Mkamba mwingine ambaye hakushika tezo. Alishika mwiko, kisha akashika kalamu ya rangi. Huyo ni Bwana Kivuthi Mbuno, aliyezaliwa Mwingi mwaka 1947. Jina lake linajulikana kwa wapenzi wa sanaa wa Geneva na London. Je, abiria anayeshuka kituo cha Mwingi, katika barabara kuu ya Thika kwenda Garissa, akiuliza habari zake kwa wenye maduka, ataelekezwa wapi? Ukurasa huu wataka kulizungumza jambo hilo leo, maana si la mtu mmoja. Ni la kila mwenye kipaji anayefanya kazi peke yake katika nchi hii.

Bwana Mbuno hakusomea uchoraji popote. Kazi yake ilikuwa upishi, na si upishi wa hoteli bali wa safari, wa kufuatana na mahema ya wasafiri huku na huko katika Kenya na Tanzania. Anayeijua kazi hiyo atakwambia kuwa mpishi wa kambi ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Wageni huenda kuwatazama wanyama kwa saa mbili tatu, wakapiga picha, wakarudi kula. Mpishi hubaki na moto wake, na pori limemzunguka pande zote. Humsikia fisi kabla hajamwona. Hujua ndege gani hutangulia alfajiri. Tena hana haja ya kumfuata mnyama, kwani harufu ya nyama humleta mnyama mwenyewe. Hiyo ndiyo shule aliyosoma Bwana Mbuno, na ada yake aliilipa kwa moshi machoni.

Katika miaka ya 1970 akaanza kuchora. Vifaa vyake ni vile ambavyo mtoto wa shule huvijua: karatasi, wino, na kalamu za rangi. Katika karatasi hizo akaweka nchi ya Ukambani na mbuga alizozipita, wawindaji kwa pinde zao, watu wenye viungo virefu, na wanyama ambao hawakai mbali na binadamu kama katika picha za watalii, bali wamo pamoja naye, kila mmoja ana habari za mwenzake. Ukizitazama wacheka, halafu wanyamaza. Mgeni mwenye kamera humchukua mnyama akamweka peke yake, kama kwamba nchi ile haina wenyewe. Mpishi huyu amewarudisha wenyewe ndani ya picha. Kwa maoni yetu jambo hilo peke yake latosha kumfanya mchoraji mkubwa.

Hapa yatupasa kusimama kidogo, kwani twawajua wasomaji wetu. Yuko atakayesema: ndugu mwandishi, hizi ni sura za viumbe wenye roho, nasi tuliopita chuoni tulifundishwa hukumu yake. Ni kweli, na sisi hatukukaa hapa kutoa fatwa. Wanavyuoni wamelieleza jambo hilo kwa kirefu, na wametofautiana juu ya mipaka yake, ya sanamu lenye kivuli na ya picha iliyo juu ya karatasi. Kwa sababu ya mafundisho hayo ufundi wa pwani ulipita njia nyingine: ukaingia katika nakshi za milango ya Lamu na Zanzibar, katika khati, katika maua ya kanga na jina lake, na zaidi ya yote katika ushairi. Lakini swali la leo si kama picha ya Bwana Mbuno itundikwe sebuleni kwako. Swali ni juu ya haki ya mtu aliyefanya kazi, na dini yetu haikuacha shaka juu ya ujira: mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Hukuulizwa kwanza kazi yake ni ipi, kuchonga mlango au kuchora fisi.

Basi picha hizo zilikwenda wapi? Miaka hiyo, mchoraji wa Kenya asiye na cheti cha chuo alikuwa na milango michache sana ya kubisha. Mmojawapo ulikuwa Gallery Watatu ya Nairobi, iliyopata jina lake kwa wachoraji watatu walioianzisha katika miaka ya 1960, na ambayo baadaye iliendeshwa na Bibi Ruth Schaffner mpaka alipofariki mwaka 1996. Duka hilo sasa limefungwa. Huko Ulaya nako, mwaka 1989 kulikuwa na maonyesho makubwa mjini Paris yaliyochanganya wasanii wa mabara yote, na tajiri mmoja, Jean Pigozzi, akatoka hapo ameamua kukusanya sanaa ya Afrika ya siku hizi. Kwa msaada wa mtaalamu wa Kifaransa, André Magnin, alikusanya maelfu ya kazi. Za Bwana Mbuno zimo. Mkusanyo huo, ambao makao yake yako Geneva, ulionyeshwa London mwaka 1992, Houston mwaka 2005, na Bilbao mwaka 2006.

Hatumlaumu mnunuzi. Lau asingenunua, huenda baadhi ya karatasi hizo zingeliwa na mchwa. Alilipa na akahifadhi, tena akachapisha vitabu. Lawama yetu iko nyumbani. Mtoto wa Migwani au wa Nuu anayependa kuchora aende wapi ili azione kazi za mtu wa kwao? Nauli ya kwenda Bilbao atapewa na nani?

Twaweza kumlinganisha Bwana Mbuno na Edward Saidi Tingatinga. Naye alikuwa mtu wa kazi za mikono, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa Tanzania. Naye hakusomea. Alichora wanyama kwa rangi za kung'aa za baiskeli juu ya mbao laini, akauza Oyster Bay, Dar es Salaam. Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa kuwa mwizi, akafa akiwa na umri wa miaka 40. Kwa hesabu ya kawaida kazi yake ingekwisha siku hiyo. Haikwisha, kwa sababu alikuwa amewafundisha jamaa zake waliokaa naye chini ya mti wakichora pamoja, na hao wakafundisha wengine, mpaka mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika kilichoandikishwa. Leo jina la marehemu ni jina la aina nzima ya uchoraji.

Changamwe ina chama. Dar es Salaam ina chama. Hata vijana wanaochora kuta za Nairobi, ambao wazee wengi huwaona wahuni wa rangi za kupuliza, wanalijua jambo hili kuliko sisi. Mwaka 2012 Boniface Mwangi na wenzake walipochora karibu na City Market yule ndege tai amekaa juu ya kiti akiwa mfano wa wanasiasa walafi, hakuna aliyechora peke yake. Mmoja alikuwa na fikira, mwingine mkono, mwingine ngazi. Wachoraji wa matatu hali kadhalika: karakana moja huwa na bwana na wanafunzi, na mwanafunzi huanza kwa kusugua bati kabla hajaguswa na brashi. Kanuni za mwaka 2004 zilipotaka magari yote yawe na mstari wa manjano, sanaa hiyo ilionekana imekufa. Haikufa, kwani mafundi walikuwapo pamoja, wakingoja.

Msanii wa peke yake hana wa kumngojea. Kazi yake ikishauzwa imekuwa ya mnunuzi, na habari zake zimekuwa za mnunuzi pia. Hata wasifu wake husomwa kwanza katika kitabu kilichochapishwa ng'ambo.

Na palipokuwa na umoja, hata dola husikia. Wasomaji watakumbuka aibu ya Venice mwaka 2015, ambapo banda lililobeba jina la Kenya katika maonyesho makubwa ya dunia lilikuwa karibu lote la wasanii wa Kichina. Ilikuwa mara ya pili, maana mwaka 2013 mambo yalikuwa vivyo hivyo. Wachoraji wa Nairobi wakaandika, wakapinga, Michael Soi akalichorea picha za kejeli, na mwishowe Waziri wa Utamaduni wa wakati huo, Bwana Hassan Wario, akatamka kuwa serikali haimo katika jambo hilo. Mtu mmoja akipiga kelele kutoka Mwingi angesikiwa na nani?

Tena kuna sheria. Mwaka 2019 Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ilirekebishwa, ikaingizwa haki ya mchoraji kupata sehemu ya bei kila picha yake inapouzwa upya. Ufaransa waliijua haki hiyo tangu mwaka 1920. Ni haki njema: mtu aliyeuza picha kwa bei ya gunia la mahindi, akasikia miaka thelathini baadaye kwamba imeuzwa kwa bei ya gari, asiwe mtazamaji tu. Nchi zenye sheria hiyo aghalabu humpa mgeni haki hiyo iwapo nchi yake nayo inawapa raia wao. Lakini haki hii haiji yenyewe. Haiamshwi na picha iliyotulia ghalani, na hata picha ikiuzwa lazima awepo mtu wa kufuatilia minada, wa kuandika barua, wa kupokea fedha na kuzifikisha. Mchoraji mwenye shamba la mtama Kitui hawezi kukesha akisoma orodha za minada ya London. Chama kinaweza.

Serikali ya Kaunti ya Kitui isituambie kwamba hayo ni mambo ya Nairobi. Katiba ya mwaka 2010 imeyataja mambo ya utamaduni, maktaba na majumba ya makumbusho miongoni mwa kazi za kaunti, na kaunti zimekuwako tangu mwaka 2013. Hatuombi jumba la marumaru. Twaomba chumba kimoja Mwingi mjini, chenye madirisha na kufuli, na kutani mwake nakala nzuri za kazi za Bwana Mbuno zilizochapishwa kwa ukubwa wake. Twaomba banda nyuma ya chumba hicho, ambapo wale wanaochora mikasi kwenye vinyozi na ng'ombe kwenye bucha za mji huo wakae mchana, wagawane rangi, waandikishe chama, na watoto wa shule waje Jumamosi kuwatazama. Wako mafundi miongoni mwao, nasi twapita bila kuinua macho, tukidhani mkono uliochora yule ng'ombe ni wa bahati tu.

Chama cha Changamwe nacho kina la kufanya. Kina zaidi ya miaka sitini ya ujuzi wa kugawana faida bila kugombana, au angalau wa kugombana bila kuvunjika, na wanachama wake ni jamaa za hao wa Kitui. Watu wawili wakipanda basi kwenda Mwingi na daftari la kanuni za chama chao, watakuwa wamefanya kazi kubwa kuliko semina kumi za hotelini.

Ama nakala za picha, zinaombwa Geneva. Wenye mkusanyo wanajulikana, wamekwisha kuzionyesha nusu ya dunia, na hatuoni kwa nini wawanyime watu wa Mwingi walichowaonyesha watu wa Houston. Barua iandikwe kwa jina la kaunti, itiwe muhuri, na iulize mambo mawili: ni picha ngapi za Bwana Mbuno zilizoko huko, na kila moja imeitwaje.