Landis kachemsha, Eddie naye kanuna!

Wiki hii nina kesi na bwana mmoja wa Marekani, dairekta John Landis. Masela kibao mtaani wanamlalamikia, na mimi nasema wana haki.

Jamaa si wa kubezwa, tusimvunjie heshima. Mwaka 1983 alitoa "Trading Places", ile Eddie Murphy anaokotwa mtaani na kugeuzwa bosi, kisa wazee wawili wamewekeana dau la dola moja. Mwaka huohuo akaongoza video ya "Thriller" ya Michael Jackson. Mwaka 1988 akashusha "Coming to America", hapo ndipo alipotumaliza kabisa! Nani hajavunjika mbavu pale kwa kinyozi, Eddie anabishana na Eddie, mara kinyozi, mara mzee wa Kiyahudi?

Sasa ukisikia watu hao wamekutana tena mwaka 1994 kwenye "Beverly Hills Cop III", si lazima ukae mkao wa kula? Wee! Stelingi anafuata maadui waliomuua bosi wake, anawakuta wanachapa noti bandia ndani ya bustani ya michezo ya watoto. Risasi zipo, mbio zipo, bembea zipo. Kicheko ndiyo hakipo.

Picha ikiwa kimeo, kibanda umiza hakifichi. Watu wanaanza kupiga stori za mpira, mwingine anaomba wabadilishe mkanda. Huko kwao ni hivyohivyo: sehemu ya kwanza, ya mwaka 1984, iliingiza zaidi ya dola milioni 230 Marekani peke yake. Hii ya tatu iliambulia kama milioni 42 tu.

Landis amewahi kujitetea kwamba Eddie ndiye aliyegoma kuchekesha, eti Axel Foley ameshakuwa mtu mzima. Sawa, lakini bwana, dairekta ni kocha. Straika akikataa kufunga, unamwacha acheze dakika tisini halafu ndiyo umsemee kwa waandishi? Na yule aliyeshinda juani anauza mitumba, akatoa kiingilio chake, hakununua milipuko. Alinunua kicheko cha kumsahaulisha siku yake. Mchekeshaji akianza kuogopa kuchekwa, anayeibiwa ni huyo.

Mwaka 2024 Axel alirudi kwenye Netflix, dairekta mwingine, Mark Molloy. Ana miaka sitini na ushee, lakini mdomo uleule, na ndani humo wanamtania kuhusu huo mwaka 1994! Kumbe utu uzima haukuwa tatizo.

Nyie wachekeshaji wetu mnaotaka siku hizi kuwa makomandoo, mmesikia? Ubishi wenu tuletee wiki ijayo. Kwa leo, baibai!