Majasusi na Majini Chini ya Dawati: Maoni Kutoka Mang'ola

Imekuwa desturi katika shule zetu nyingi kwamba mwanafunzi akikutwa na kitabu cha upelelezi, au hadithi ya mapenzi ya jini, kitabu hunyang'anywa na mwenyewe hupewa adhabu ya kufyeka majani. Sisi tunaofundisha Kiswahili katika bonde la Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, tumeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Tunakiri kwamba tuliifanya bila kuvisoma vitabu tulivyovinyang'anya. Makala haya yameandikwa baada ya kuvisoma.

Kwa msomaji asiyepajua, Mang'ola ni nchi ya vitunguu. Maji ya chemchemi hupita mifereji hadi mashambani, na wakati wa mavuno malori hufika kutoka Arusha, Dar es Salaam na hata Nairobi. Pamoja na magunia matupu huja magazeti yenye hadithi za mfululizo, vijitabu vilivyopoteza majalada na, siku hizi, hadithi za kwenye simu zinazouzwa kwa vipande: sehemu ya kwanza bure, zinazofuata kwa malipo. Mwanafunzi aliyepata ujira wa kung'oa vitunguu hununua sehemu ya kumi na mbili kabla hajanunua kalamu.

Darasani mwetu wamo Wairaqw, Wadatoga, Wanyisanzu na, mara chache, Wahadzabe. Wengi wao Kiswahili walikikuta shuleni. Yule yule anayeshindwa kumaliza kurasa tano za kitabu cha mtihani husoma kurasa mia mbili usiku mmoja kwa mwanga wa tochi, tena kwa Kiswahili, tena bila kuamriwa na mtu. Jambo hili pekee lingetosha kumfanya mwalimu wa lugha aulize swali kabla ya kunyoosha mkono na kunyang'anya.

Wahakiki huziita hadithi hizi fasihi pendwa, na jina hilo mara nyingi hutamkwa kwa dharau kidogo. Hata hivyo riwaya ya upelelezi ina nasaba ndefu kuliko wanavyodhani wanafunzi wetu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyekuwa mhariri wa gazeti la kilimo liitwalo Mkulima (jambo linalowafurahisha sana wana wa wakulima wa vitunguu), alishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la mwaka 1957–58, na kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa mwaka 1960. Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, na baadaye Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango.

Kwa maoni yetu, Musiba husomeka kwa kasi ya lori tupu linaloteremka Mto wa Mbu, na sifa hiyo si ndogo. Alifahamu pia kwamba jasusi wa Kiafrika anahitaji adui wa kweli, akampa maadui wa harakati za ukombozi wa kusini mwa bara letu. Lakini kitabu kikishafungwa msomaji habaki na la kufikiri: Willy ameshinda kwa kuwa ni Willy. Wanawake wake karibu wote ni mtego au ni zawadi, na wasichana wetu waliligundua hilo kabla yetu. Mtobwa ana lugha nzuri zaidi, na hupenda kuuliza kwa nini mtu amekuwa mwovu. Katika vitabu vya karibuni tulijaribu Kolonia Santita ya Enock Maregesi, iliyokuwa miongoni mwa kazi zilizopata Tuzo ya Mabati-Cornell mwaka 2015. Tuliipenda kwa ujasiri wake wa kuwafuata wauza dawa za kulevya mpaka Mexico, ila wanafunzi wetu waliiacha njiani, wakisema kwamba ni mbali mno.

Wala tusisahau kwamba Hussein Tuwa, ambaye riwaya zake za kusisimua tumezinyang'anya mara nyingi, ndiye mwandishi wa Mfadhili, hadithi ya mapenzi iliyokaa kwa miaka mingi katika orodha ya kidato cha tano na cha sita. Mwandishi aliyekatazwa chini ya dawati huruhusiwa juu ya dawati mwanafunzi akifika kidato cha tano. Tumeshindwa kupata sababu ya kitaaluma ya tofauti hiyo.

Hadithi za mapenzi ya majini ni jambo jingine. Tulizisoma kumi na nne mfululizo, na tunaweza kusema bila kuzionea kwamba tulisoma moja mara kumi na nne. Mgeni mzuri hutokea usiku; ananukia udi; ana mali isiyojulikana ilikotoka; anampenda binadamu na kumwekea sharti la siri. Siri inavuja, wivu unafuata, na mchumba wa kibinadamu hufa kwa ajali ya gari. Lugha yake ni ya haraka na tahajia ni ya ovyo. Jini wa Shaaban Robert katika Adili na Nduguze (1952) ana sheria: Huria analipa wema kwa wema, na ndugu waliomsaliti Adili anawageuza manyani. Jini wa siku hizi hana sheria yoyote isipokuwa kutaka. Anayemtaka hana nafasi ya kukataa, na mwandishi hukuita huko mapenzi.

Hapo ndipo tulipotaka kuishia, na makala haya yangekuwa ya kulaani tu. Lakini lilitukia jambo katika shule moja ya bweni tuliyopata kufundisha.

Msichana wa kidato cha tatu alianza kulia usiku. Aliacha kula, na darasani akawa kama hayupo. Wakati huo bweni zima lilikuwa likisoma hadithi moja ya jini mahaba, sehemu kwa sehemu, katika simu iliyofichwa ndani ya godoro. Wenzake hawakukawia kupata maelezo: ameolewa na jini. Mmoja alisema amesikia harufu ya udi, wa pili akaona kivuli. Kufikia mwisho wa juma wasichana sita walianguka wakipiga mayowe asubuhi mstarini, na vitanda vya jirani na cha mwenzao vikahamishwa, hata akawa analala peke yake kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Walimu tulifanya tulilolizoea. Tulipekua bweni, tukachoma vijitabu viwili, tukazifungia simu. Usiku ule walianguka tisa. Moto wetu uligeuka ushahidi: kama hadithi hii ni ya uongo, mbona walimu wanaiogopa?

Tusilichukue jambo hili kuwa mchezo wa watoto. Nchi yetu imezika vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni. Imezika pia watu wenye ualbino waliouawa kwa ajili ya viungo vyao, mauaji yaliyotangaa sana tangu mwaka 2007. Kila mara pamekuwapo mtu aliyesema kwamba ameona, na wengine waliokubali bila kumuuliza ameona nini. Mwanafunzi anayehamisha kitanda chake leo ni mwanakijiji wa kesho.

Katika stoo ya shule mlikuwamo nakala moja ya Mzimu wa Watu wa Kale, isiyo na jalada wala kurasa za mwisho. Sisi tuliujua mwisho kwa kuwa tulikisoma ujanani. Maiti inakutwa mahali penye mzimu, watu wanaanza kuuogopa mzimu, na Bwana Msa anakuja na kiko chake kutafuta muuaji. Abdulla aliwapa wasomaji wake woga wote waliouhitaji, kisha akawaonyesha kwamba woga si ushahidi. Ndiyo sababu tunaona kwamba riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, tangu mwanzo wake, ni jibu kwa hadithi ya jini, na kwamba ni kosa kuzifungia zote mbili katika kabati moja.

Tulisoma kwa sauti, vipindi viwili kwa juma, wanafunzi wakipokezana. Kila mmoja alichora daftarini safu tatu: kilichoonekana, kilichosemwa na kilichodhaniwa. Kila tukio la hadithi liliwekwa katika safu yake. Siku za kwanza palikuwa na ugomvi mkubwa, kwa sababu wengi waliandika dhana zao katika safu ya kilichoonekana. Tuliwaacha wabishane, kwa kuwa ubishi huo ndio ulikuwa somo lenyewe. Kurasa zilipokwisha, kila mtu alitakiwa kuandika mwisho wake na kuutetea kwa safu ya kwanza peke yake. Kisha tuliileta hadithi ya jini, ile ile ya bwenini, nayo tukaiweka katika safu. Darasa lilicheka lilipoona kwamba safu ya kwanza ilikuwa karibu tupu.

Kuna mwanafunzi Mwiraqw aliyeuliza kama netlaangw, viumbe ambao wazee wake husema wanakaa chemchemini, nao ni wa kudhaniwa. Hatukumkejeli. Wapo pia Waislamu miongoni mwetu ambao kwao kuwapo kwa majini ni jambo la imani. Tulijibu kwamba safu hizi haziulizi kama viumbe hao wapo; zinauliza ni nani ameona nini, wapi, na lini. Mwalimu atakayeitumia mbinu hii bila kuweka mpaka huo atagombana na wazazi, na atakuwa amestahili.

Jambo lililofuata hatukulipanga. Rafiki mmoja wa yule msichana alijaza safu zake nyumbani kwa hiari yake, akituletea habari za mwenzake. Katika kilichosemwa paliandikwa udi, kivuli na ndoa ya jini, na mbele ya udi aliandika kwamba aliyeusikia aliambiwa na mwingine. Katika kilichoonekana palikuwa na mistari michache: analia, hali, alitembelewa na mjomba wake siku ya mnada, tangu siku hiyo hakufanya zoezi lolote. Rafiki huyo alikwenda kuuliza habari za mjomba. Ng'ombe walikuwa wamekwisha hesabiwa. Ndoa ilikuwa baada ya mavuno ya vitunguu, na bwana harusi alikuwa mtu aliyemwona mara mbili.

Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi, na mkuu wa shule alikwenda nyumbani kwao pamoja na mwenyekiti wa kijiji kulieleza hilo. Hatutasimulia zaidi, isipokuwa kwamba alirudi shuleni na mtihani wa kidato cha nne aliufanya. Hatudai kwamba Bwana Msa ndiye aliyemwokoa. Aliyemwokoa ni rafiki aliyeuliza. Lakini kabla ya safu zile rafiki huyo naye alikuwa amehamisha kitanda.

Tukio hili lilitulazimu tuzisome upya zile hadithi kumi na nne. Tuliwauliza wasichana wanapenda nini ndani yake. Walisitasita, kisha mmoja akajibu kwamba katika hadithi hizo msichana anasema hataki, na kuna mtu anayemsikia, ijapokuwa ni msomaji tu. Hatukuwa na jibu. Mwanamume anayekuja bila kuitwa, mwenye mali, mwenye wivu, asiyekubali kukataliwa, anaogopwa na ndugu wote: tumwondolee kwato na udi, na kila msichana wa bonde hili anamjua jina. Basi lawama yetu kwa waandishi hawa imebadilika. Hatuwalaumu tena kwa kumwandika jini. Tunawalaumu kwa kumbebesha jini hatia ya mtu, hata mtu akatoka katika hadithi akiwa safi. C. G. Mung'ong'o alipoandika Mirathi ya Hatari mwaka 1977 uchawi ulikuwa wa kutisha, lakini uliachwa mikononi mwa watu: baba anayerithisha na kijana anayerithi. Mwandishi wa leo angeweza kufanya vivyo hivyo na jini wake, na asingepoteza mnunuzi hata mmoja.

Kwa wenzetu vyuoni tunapendekeza jambo moja la kawaida: katika kozi ya mbinu za kufundishia fasihi, kila mwanachuo asome walau riwaya moja ya upelelezi na hadithi moja ya mapenzi ya jini, na aifundishe mbele ya wenzake kabla hajapelekwa mazoezini. Tunajua mtihani unasubiri, na Takadini na Watoto wa Mama Ntilie haviwezi kuachwa kando. Hatukuviacha. Safu zile zile tulizitumia baadaye katika Takadini, ambamo kijiji kinamwogopa mtoto kwa sababu ya rangi yake, na wanafunzi hawakuhitaji kuelezwa wafanye nini.

Nakala yetu ya Abdulla bado haina kurasa za mwisho. Darasa la mwaka huu limeandika miisho 31, na katika 22 kati yake mzimu hauna hatia. Wanadai sasa kuuona mwisho wa mwandishi mwenyewe. Msomaji mwenye nakala kamili anayeweza kutuazima kwa muhula mmoja, nauli ya basi ya kitabu hicho mpaka Karatu tutailipa sisi.