Isukuti iko kwenye orodha ya wagonjwa, na sisi tunapiga vigelegele

Desemba iliyopita nilikuwa harusini huku Lurambi, kazi yangu ikiwa kubeba spika na kuchunga jenereta isizimike. Bwana na bibi harusi walipoingia, MC akapaaza sauti: "Pokeeni ngoma yetu, isukuti, iliyopewa tuzo na UNESCO!" DJ akabonyeza kitufe. Ngoma zikalia kutoka kwenye kompyuta, watu wakatikisa mabega kweli kweli, shangazi mmoja akapoteza kiatu na hakukitafuta mpaka wimbo ulipoisha. Ilikuwa raha. Lakini uwanja mzima haukuwa na mpiga ngoma hata mmoja.

Tena hiyo tuzo haipo.

Kilichotokea ni hivi. Mwaka 2014 UNESCO iliandikisha ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Rudia hilo neno la mwisho. UNESCO ina orodha mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya mila zinazotambuliwa kuwakilisha utamaduni wa binadamu: reggae ya Jamaika iliingia humo 2018, rumba ya Kongo ikafuata 2021. Ya pili ni ya mila ambazo zisiposaidiwa zitazimika. Sisi tuko kwenye hiyo ya pili. Sasa kujigamba nayo ni kama mtu kuwatambia majirani kwamba amelazwa wodi ya mahututi, tena amepewa kitanda cha dirishani.

Na sababu zilizotuingiza huko hazihitaji profesa. Wapigaji wengi ni wazee na hawana wa kuwarithi. Pesa na vifaa vya kutengeneza ngoma na mavazi ni shida. Watunzi wanaona afadhali waimbe muziki unaouza. Wasikilizaji nao wanataka burudani ya kisasa. Huyo msikilizaji, ndugu yangu, ni mimi na wewe.

Ukiuliza vijana wa hapa mjini Kakamega ilipataje sifa ya muziki, wengi watakutajia UNESCO. Wengine watakwambia ni zile Mashujaa za 2018 zilizofanyiwa hapa, uwanja wa Bukhungu, nchi nzima ikitutazama. Mimi nasema jina lilikuwepo kitambo, na mji wenyewe haukulitafuta. Kakamega mjini ilikua kama kituo cha utawala wa mkoloni, ikachangamka zaidi dhahabu ilipopatikana miaka ya mwanzo ya 1930. Muziki ulikuwa unatoka pembeni, Shinyalu, Khayega, Ikolomani, Malinya, na huko ulikuwa na kazi ya kufanya. Hapo ndipo siri ilipo. Isukuti haikuwa maonyesho ya watalii. Ilikuwa kazi, kama vile kuchimba kaburi ni kazi na kupika ni kazi.

Mtoto akizaliwa, ngoma. Vijana wakitahiriwa, ngoma. Harusi, ngoma. Mzee akifa, ngoma usiku kucha, kwa sababu huwezi kumpeleka mtu mzima kimya kimya kama unayeficha jambo. Siku ya mafahali kupigana, kabla jua halijachomoza, fahali anasindikizwa kwenda uwanjani na kundi zima: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zinapigwa kwa viganja vitupu, pembe ya swala inalia, njuga miguuni, filimbi, na umati nyuma unaokimbia badala ya kutembea. Kama hujawahi kuamshwa na hiyo kitu saa kumi na moja alfajiri, hujaishi hapa. Moyo unaanza kudunda kwa mwendo wa ngoma ya kati kabla hujajua uko wapi.

Halafu watu wakahama kutafuta kazi, na wakahama nayo. Wakenya wengi hawakuisikia isukuti mara ya kwanza kijijini kwetu, waliisikia kwenye jukwaa la mashabiki wa AFC Leopards, klabu iliyoanzishwa 1964 kama Abaluhya. Ingwe wakifunga ngoma inapigwa, wakifungwa inapigwa pia, na siku hizi wanafungwa sana lakini tuyaache hayo. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo lilianza tangu 1927, nalo likaziweka nyimbo za kienyeji mbele ya watoto wa shule wa kila kona. Wanasiasa wakagundua kwamba mkutano bila isukuti Magharibi ni mkutano wa watu kumi na mbwa wao. Leo hata mtu ambaye hajawahi kuvuka Nakuru anaijua Mwana wa Mberi, na harusini anaruka nayo kama ametokea Isukha.

Na isukuti haiko peke yake. Kule Kisa, ndani ya kaunti hii hii, alitoka George Mukabi, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 gita lake la omutibo lilikuwa redioni kote nchini. Aliimba Kiswahili, mambo ya mapenzi na maisha, na pembeni mtu anakwaruza chupa ya Fanta ile yenye mistari. Aliuawa 1963 akiwa bado kijana. Zaidi ya miaka 50 baadaye lebo ndogo za Marekani zilizikusanya rekodi zake na kuzitoa upya, na wazungu wanazinunua kwenye sahani za santuri. Wenzetu wa Bunyore, Abana ba Nasery, walianza kuvuma na magita na chupa hiyo hiyo zamani Vihiga ilipokuwa bado chini ya wilaya ya Kakamega. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikwenda kurekodi hadi Uingereza. Muulize kijana yeyote pale steji ya boda ni nani Shem Tube. Atakuuliza yuko TikTok kwa jina gani.

Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyengoja cheti. Walikuwa na mahali pa kupigia na watu waliowaita.

Kwa hivyo ukitaka kujua isukuti ilianza kuugua lini, usitafute siku watu walipoacha kuipenda. Bado wanaipenda, yule shangazi wa kiatu ni shahidi. Tafuta siku kazi yake ilipochukuliwa na mtu mwingine. Na hapa inabidi niseme ukweli unaoniuma, kwa sababu huyo mtu mwingine ni mimi.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Nikarudi nyumbani nikaingia kwenye biashara ya disko matanga. Kama hujui, ni hivi: mtu amefiwa, usiku wa kukesha unaletwa mziki wa spika, vijana wanajaa, wanalipa kuchezewa wimbo wanaoutaka, na hela zinazochangwa zinasaidia mazishi, au angalau ndivyo inavyosemwa. Serikali imepiga marufuku disko matanga mara nyingi, hasa kwa ajili ya wasichana wadogo wanaodhulumiwa usiku huo. Nilikuwepo. Sababu hizo si za kusingizia, na ndizo zilizonitoa mwishowe.

Lakini hakuna anayezungumzia hesabu. Kundi la isukuti ni watu kumi au zaidi. Lazima wale, wanywe, wasafirishwe, na wakipiga mpaka asubuhi wanataka kitu mfukoni. Sisi tulikuwa watatu na jenereta. Familia iliyofiwa haina pesa, itachagua nani? Siwalaumu. Usiku mmoja huko Ikolomani tulifika tukakuta wazee wameshaanza kupiga. Hakuna aliyewafukuza. Tuliwasha tu spika. Baada ya nusu saa hivi walikuwa wamekaa kwenye benchi, ngoma zao katikati ya magoti, wakinywa chai. Mmoja akaniuliza, "Kijana, hiyo mashine yenu inamjua marehemu?" Nilicheka. Nilidhani ni utani wa wazee.

Mpiga isukuti anamwimba mtu. Anataja jina lake, ukoo wake, ng'ombe aliowapenda, deni aliloacha, na watu wanacheka na kulia kwa pamoja. Flashi yangu ilikuwa na nyimbo 3,000 na hakuna hata moja iliyomjua yule marehemu.

Kosa la pili ni baya zaidi. Mwaka jana nilimrekodi mzee mmoja wa upande wa Shinyalu kwa simu, dakika nne za ngoma, safi sana. Nilimwambia ni ya kuweka kumbukumbu. Nikaikata kwenye programu ya kompyuta, nikaichanganya na besi, nikatengeneza biti, nikamuuzia msanii wa hapa mjini shilingi 4,000. Yule mzee hakuona hata ndururu. Na mimi ndiye ninayeandika hapa kuhusu kulinda urithi.

Marafiki zangu wananiambia niache kujitesa. Wanasema utamaduni hubadilika, na kwamba hata Mukabi alitumia gita la kuletwa. Kweli kabisa. Mimi si mmoja wa wale wanaotaka isukuti ipigwe kwa mavazi ya ngozi mbele ya wageni rasmi, halafu ifungiwe stoo hadi sikukuu ijayo. Kompyuta sio adui. Weka isukuti kwenye gengetone, weka kwenye injili, weka popote inapokaa. Shida ni kwamba Mukabi aliketi na gita lake akapiga mwenyewe. Mimi nilichukua mikono ya mtu mwingine nikaiuza.

Sheria inalijua jambo hili kuliko sisi tunavyodhani. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Bunge likatunga mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na ndani yake kaunti zimepewa jukumu la kuweka sajili ya mambo hayo. Kwa Kiswahili cha mtaani: isukuti ina wenyewe, na ukiitumia kufanya biashara unapaswa kuongea nao. Katika miaka yangu ya spika, harusini, matangani, kwenye kampeni, sijawahi kusikia hata siku moja mtu akiuliza, hii ngoma ni ya nani na amelipwa ngapi? Hata mimi sikuuliza.

Tukitaka kuitoa isukuti kwenye orodha ya dharura, mimi sioni kama dawa ni tamasha jingine la siku mbili lenye mahema na fulana. Dawa ni kuirudishia kazi. Kinshasa iliitwa na UNESCO mji wa muziki mwaka 2015, na ukisikiliza vizuri utajua kwamba baa zake ndizo zilizofanya kazi hiyo kwa miaka mingi, si ofisi. Mtu alikuwa akilipia bia yake na bendi inalipwa, basi. Sisi hapa tuna klabu kila kona ya mji, tuna wanafunzi wa Masinde Muliro wanaotafuta pa kwenda kila Ijumaa, tuna uwanja wa Bukhungu. Klabu itakayoweka isukuti moja kwa moja Ijumaa moja kwa mwezi, wapigaji wakalipwa kama DJ anavyolipwa, itajaza. Nasema hivyo kama mtu aliyebeba spika na kuona watu wanainuka kwa wimbo upi na kukaa kwa upi. Isukuti hakuna anayekaa.

Na wewe unayeoa Agosti: bajeti yako ina keki ya ghorofa tano na gari la kukodi kutoka Kisumu. Punguza ghorofa mbili uite kundi. MC asitaje UNESCO kabisa, atamke majina ya wapigaji.

Mwezi jana nilirudi kwa yule mzee. Nilimweleza habari ya biti, nikampa shilingi 2,000, na nikamwahidi zilizobaki mwisho wa mwezi. Nilitegemea matusi. Alizihesabu polepole, akazikunja, akaniuliza kama ule wimbo ulikuwa mzuri. Nikamchezea kwenye simu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ile ngoma ya kati nimeiweka nyuma sana, ndiyo maana wimbo unachechemea. Alikuwa sahihi.

Akaingia ndani akatoka na ngoma ya kati. Aliyekuwa akiipiga alikuwa mjukuu wake, siku hizi anaendesha boda Nairobi. Jumapili tatu sasa nimekuwa nikipanda matatu kwenda Shinyalu. Viganja vimevimba, sijaweza kushika mwendo kwa zaidi ya dakika tano, na mzee ananiita "huyo wa mashine" mbele ya watu. Jumamosi ijayo kuna matanga kwa jirani yake. Ameniambia nije, lakini nitabeba tu maji.