Mtoto Akisema Ana Ufalme, Mpe Daftari

Wazazi wenzangu, mtoto akikaa uani na vizibo vya soda, kimoja mfalme, kingine jemadari, upesi tunamfokea: "Huna kazi ya shule wewe?" Naomba tuache.

Mwaka 1826, kijijini Haworth, kaskazini mwa Uingereza, kasisi Patrick Brontë alirudi kutoka Leeds na askari 12 wa kuchezea, zawadi ya mwanawe Branwell. Nyumba ilikuwa na majonzi: mama alifariki mwaka 1821, mabinti wawili wakubwa wakamfuata mwaka 1825. Watoto wanne waliobaki, Charlotte, Branwell, Emily na Anne, waliwapa askari wale majina. Wa Charlotte, binti wa miaka kumi, akawa Duke wa Wellington. Hapo ukazuka mji wa Glass Town, baadaye nchi za Angria na Gondal, zenye vita, wafalme na hata magazeti yake. Waliyaandika katika vijitabu vidogo kama kiberiti, kwa herufi za kusumbua macho ya mtu mzima.

Mwaka 1847 ulimwengu ukasoma *Jane Eyre* ya Charlotte, *Wuthering Heights* ya Emily na *Agnes Grey* ya Anne. Kalamu zile zilinolewa katika falme za utotoni. Sisemi mchezo humwokoa kila mtoto. Branwell mwenye askari alizama katika ulevi, akafa mwaka 1848.

Lakini liko jambo linaloniuma. Glass Town waliijenga Afrika Magharibi, wasikowahi kukanyaga, na Waashanti wakafanywa maadui katika ardhi yao wenyewe. Mtoto wetu tukimnyima nafasi ya kubuni nchi yake, watoto wa wenzetu watambunia.

Mtaniambia: mtihani je? Basi mbona *Kusadikika* ya Shaaban Robert, nchi iliyo angani, tumeisoma shuleni na kuisifu? Tunamheshimu mtu mzima aliyebuni nchi, kisha tunamchapa mtoto kwa kosa lilo hilo. Hiyo si haki.

Mwaka 2019 kijitabu kimoja cha Charlotte, alichokiandika mwaka 1830 akiwa na miaka 14, kilifika euro 600,000 mnadani Paris, kikarudishwa Haworth. Nani alikitunza kilipokuwa kikaratasi tu cha mtoto?

Leo jioni ukimkuta wako anaongea na vizibo, chuchumaa, mwulize mfalme wake anaitwa nani. Kesho mnunulie daftari lisilo la shule, wala usilisahihishe.