Kujikuna Si Ushahidi wa Umalaya

Katika Soko la Burma jijini Nairobi, kando ya Jogoo Road, wauza nyama hushinda kutwa ndani ya gambuti na aproni nzito. Mmoja wao akionekana akijikuna sehemu za siri, hukumu hutolewa papo hapo: huyo ana mpango wa kando. Nguvu zake za kitandani zikipungua, basi karogwa. Imani hizi ni za uongo, na zinawachelewesha wanaume kwenda hospitalini hadi maji yazidi unga.

Mwasho huo huweza kuletwa na kuvu, na kuvu hupenda joto, jasho na nguo zinazobana. Hupenda sukari zaidi. Mwenye kisukari kisichotibiwa huikojoa sukari, nayo hubaki chini ya govi na kulisha kuvu. Kwa wanaume wengine, wekundu unaowasha kwenye kichwa cha uume na kurudi kila mara ndiyo dalili ya kwanza kwamba wana kisukari. Mtu huyo anaitwa malaya, kumbe ni mgonjwa.

Hizo nguvu za kitandani nazo ni suala la damu. Mishipa inayoipeleka damu uumeni ina upana wa milimita 1 au 2. Ile ya moyo hufika 3 au 4. Sukari, presha na sigara zikianza kuiziba mishipa, ile myembamba ndiyo hulemewa kwanza, mara nyingi miaka kadhaa kabla ya moyo. Anayemsaka mchawi wakati huo anaupoteza muda wa kujiokoa.

Aibu ndiyo inayowatajirisha wauzaji wa dawa za mitaani. Krimu za kuvu zilizochanganywa na steroidi hutuliza mwasho siku mbili tatu, huku kuvu ikizidi kutambaa. Unga wa nguvu za kiume unaotangazwa kwenye nguzo za stima, hakuna anayejua kilichomo. Sehemu nyingi duniani unga wa aina hiyo umekutwa na sildenafili, ambayo ikikutana na vidonge vya nitrati vya wagonjwa wa moyo huweza kuishusha presha hadi kuua.

Mtasema magonjwa ya zinaa yapo. Yapo, na hupimwa maabara, hayapimwi kwa umbea wa buchani.

Basi, ndugu yangu, mwasho ukirudi au nguvu zikilegea, kapime sukari na presha. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7 mmol/L, muone daktari wiki hiyo hiyo. Nawe unayecheka pembeni, kapime pia.