Kazi za Mikono: Chuma cha Kusubu Kikipasuka



Ndugu yetu mmoja wa Dakawa, mkulima wa mpunga, ametuletea swali. Trekta lake ni Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kuundwa mwaka 1964. Ni kuukuu sana, lakini ndilo liwalipialo watoto wake ada, na majirani hulikodi. Adhuhuri moja maji ya rejeta yalikwisha, injini ikachemka. Kijana wake akakimbilia mferejini, akaleta ndoo ya maji baridi, akayamimina yote mara moja. Ukuta wa injini ukapasuka, ufa wa shibiri moja. Fundi amemwambia kwamba atauchomelea jioni ile ile. Je, akubali?

Twamjibu: asikubali. Sababu twaijua kwa hasara yetu wenyewe. Tulipata kupeleka mguu wa mashine ya kukoboa kwa fundi mmoja mwenye haraka, naye akauunga kwa vijiti vya chuma cha kawaida. Kazi ilipendeza macho. Usiku, chuma kilipokuwa kikipoa, tulisikia mlio mdogo, “ti!”, na asubuhi tukakuta ufa mpya kando ya ule wa kale, tena mrefu zaidi.

Maana chuma cha kusubu, yaani kile kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, si ndugu wa nondo. Katika sehemu 100 za chuma hicho, sehemu 2 hata 4 ni kaboni, nayo hukaa ndani kama vipande vyembamba vya makaa. Basi hakikunjiki wala hakivutiki. Ukipasha moto mahali pamoja tu, pale hutanuka; pakipoa hujikaza, na kwa kuwa chuma hakiwezi kuvutika, hupasuka.

Kwanza atafute mwisho wa ufa. Asafishe grisi yote, apake mafuta ya taa, angoje kidogo, afute pakauke, kisha apake chaki. Mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari juu ya chaki. Mara nyingi ufa ni mrefu kuliko uonekanavyo kwa macho. Penye kila ncha atoboe tundu dogo, ili ufa usiendelee.

Kwa ukuta wa injini twaona bora kushona bila moto: matundu hutobolewa kufuata ufa, hukatwa hesi, hutiwa parafujo, kila moja ikila ubavu wa mwenzake, hata ufa wote uzibwe. Kazi hii ni ya siku, si ya saa.

Kifaa kiwezacho kufunguliwa, kama kifuniko au nyumba ya gia, chaweza kuchomelewa kwa vijiti vya nikeli. Kichongwe mfereji katika ufa, kichomelewe urefu wa sentimita 2 au 3 tu, kigongwe polepole kwa nyundo kingali cha moto, kisha fundi angoje mpaka mkono uweze kukigusa, ndipo aendelee. Mwisho kifukiwe katika majivu makavu mpaka kesho yake. Lakini mkono wa usukani na ekseli ya mbele visiungwe kamwe. Vinunuliwe vingine, hata kama fedha ni ya kukopa, kwa sababu hapo hatari ni roho ya mtu.

Wala jambo la uhaba wa mafundi si geni. Kongwa, ng'ambo ya milima ya Kilosa, Serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga mwaka 1947 kwa matrekta mengi yaliyokuwa mabaki ya vita. Yaliharibika upesi kuliko yalivyoweza kutengenezwa, na mwaka 1951 mpango ukaachwa.

Kijana naye asipigwe. Hakuna aliyemfundisha kwamba injini iliyochemka huachwa kwanza ipoe, kisha hutiwa maji kidogo kidogo.